Kamba Niliyoitundika Mlangoni kwa Mama Nafula

Mimi ndiye niliyekosa. Si Mama Nafula. Naanza na hilo, kwa sababu nikianza na mengine nitazunguka, na nimezunguka miaka hii yote mpaka meno yakaisha.

Jina langu msilitafute. Shule niliacha darasa la tatu, mwandiko wangu ni kama kuku aliyeparua, lakini barua hii ya kwenda gazetini nimeiandika mwenyewe. Mjukuu wangu Muthoni aliniona na kalamu akacheka. "Shosho, sema tu nikuandikie." Nikamwambia ni mambo ya kanisa, aniache. Uongo mwingine huo! Mtu anaanza kuungama huku anadanganya.

Wakati huo nilikaa mtaa wa Shauri Moyo, kwenye nyumba za kanso, zile za kupanga za baraza la jiji. Nilikuwa nauza nguo na viatu vya watoto soko la Gikomba, na nilikuwa nikimlea Muthoni, mtoto wa binti yangu. Kwa hiyo pale shuleni mimi nilikuwa nyanya katikati ya kina mama wabichi. Wote waliniita Shosho. Nilipenda kuitwa hivyo. Nilipenda sana, na hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia.

Kati ya nyumba zetu na shule kulikuwa na barabara ya mteremko inayoshuka sokoni. Asubuhi mikokoteni ilipita hapo na mbao na marobota ya mitumba. Mkokoteni ukishapakiwa na ukashika mteremko, breki yake ni visigino vya mwenye kuukokota. Anapiga kelele "Pisha! Pisha!" na usipopisha, yeye hawezi kusimama hata akitaka.

Watoto wadogo walikuwa wakivuka hapo peke yao. Siku moja nilitoa sokoni kamba nene ya katani, ile ya kufungia marobota, nikaipiga mafundo kumi na mawili. Kila mtoto fundo lake. Mama mmoja mbele ameshika kichwa cha kamba, watoto nyuma kila mmoja na fundo lake, wanavuka kama siafu.

Majina yao nayakumbuka mpaka leo. Fundo la kwanza Otieno, maana alikuwa mtundu na nilitaka awe karibu na mkono wangu. Nyuma yake Mwende, Njoroge, Nafula. Fundo la tano Wangari. Halafu Muthoni wangu, Wafula, Adhiambo, Kerubo, mapacha Hamisi na Zuhura, na mwisho Mutua, aliyekuwa mkubwa wao, wa kuchunga mkia.

Tulikuwa kina mama watano, siku tano za shule. Hakuna aliyetulazimisha. Jumatatu Mama Otieno, Jumanne Mama Mutua, Jumatano mimi, Alhamisi Mama Nafula, Ijumaa Mama Wangari.

Na tulikuwa na sheria moja tu, niliyoiweka mimi mwenyewe. Kamba inalala kwa mwenye zamu ya kesho. Jioni unampelekea, unaitia mkononi mwake, unamwambia, "Shika watoto." Naye lazima ajibu, "Nimewashika." Asipojibu, zamu haijahama. Watoto bado ni wako. Hata kama mnapika, hata kama mnaoga, mtu alitoa kichwa mlangoni akajibu.

Sheria yangu mwenyewe, jamani!

Mama Nafula jina lake lilikuwa Rodah. Mtu wa kule Kakamega, mumewe alikuwa akifanya kazi kiwanda cha sabuni. Alikuwa na mdomo, mama huyo! Mimi na yeye tulikuwa marafiki wa kutaniana. Mimi nilikuwa nikimwambia, "Wewe ukiona kuku unasahau hata jina la bwanako." Naye ananijibu, "Shosho, na wewe mlo bila viazi unadhani ni mfungo." Tunacheka mpaka tunashikana. Kila Ijumaa kina mama wa kamba tulikuwa tunapewa chai jikoni kwa shule. Kulikuwa na benchi moja, na mimi ndiye niliyekaa kwenye kona ya karibu na jiko. Hakuna aliyekaa hapo hata nikichelewa. Hebu oneni vitu vidogo tulivyokuwa navyo.

Ijumaa moja mwalimu mkuu alikuja na filimbi mpya yenye utepe mwekundu. Akasema kina mama wa kamba wamesaidia shule, sasa wawe na kiongozi, apulize mikokoteni isimame. Mimi nikarekebisha kitambaa changu kichwani. Nikaweka kikombe chini ili mikono iwe mitupu.

Akampa Mama Nafula.

"Huyu ana pumzi," alisema. Basi. Hakuwa na ubaya.

Mama Nafula akaipuliza mpaka kunguru wakaruka. Halafu akanigeukia, akaona uso wangu, akataka kunichekesha kama siku zote. "Shosho, usinune! Wewe ungepuliza na meno gani? Ingetoka hewa tu, fyuuu, kama baiskeli imechomwa na mwiba!"

Mbele nilikuwa na pengo la meno mawili. Wote walicheka. Mama Wangari alimwaga chai kwenye nguo yake. Hata mwalimu mkuu aligeuza uso ukutani mabega yakitikisika.

Na mimi nilicheka. Nilicheka kuwashinda wote. Lakini nilipofika nyumbani nilichukua kioo nikafungua mdomo, nikajiangalia. Nikaanza kununa, na nikanuna wiki tatu.

Alikuja na sahani ya chapati, nikamrudishia sahani bila kuosha. Alinisalimia, nikajibu kwa kukohoa. Mara moja alinisimamisha mferejini mbele ya watu. "Shosho, kama ni ile filimbi chukua, mimi sitaki kitu cha kututenganisha." Nikamwambia, "Filimbi ni ya wenye meno," nikabeba ndoo yangu. Alisimama pale. Nilisikia raha. Ndiyo, nasema ukweli, nilisikia raha tumboni kama mtu aliyekunywa uji wa moto.

Jumatano mbili za kwanza nilimtuma Muthoni apeleke kamba na aseme yale maneno. Jumatano ya tatu Muthoni alikuwa na matubwitubwi, mashavu yamevimba, yuko kitandani. Ikabidi niende mimi.

Jioni jua bado liko. Nikafika mlangoni kwa Mama Nafula. Ndani nikasikia yeye na Mama Wangari wanacheka. Walikuwa wakipenda kushinda pamoja hao wawili, walikuwa kama ndugu wa tumbo moja. Sikusikia wanacheka nini. Lakini moyo wangu ulikuwa umeshaamua. Ni meno yangu! Wanacheka meno yangu!

Sikubisha hodi. Niliitundika kamba kwenye komeo la mlango nikaondoka. Nikajiambia, ataiona, ana macho.

Hakuiona. Mama Wangari alipotoka kwenda kwake, mlango ulisukumwa, kamba ikaanguka pembeni kwenye ndoo za jirani. Jirani huyo alikuwa binti mmoja mgeni, Mama Pendo, amejifungua juzijuzi, hajui habari za kamba wala zamu. Aliona kamba imetupwa, akaokota, akaifunga kwenye misumari miwili ya ukutani, akaanika nepi za mtoto.

Sasa nisikilizeni hapa. Hapa ndipo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata kasisi.

Asubuhi nilitoka mapema, kulikuwa na robota la kufunguliwa sokoni. Nilipita uani kwao. Na nikaiona! Kamba yangu, na mafundo yake, ina nepi tatu zimelowa. Nilisimama. Nikahesabu zile nepi. Nikasema moyoni, kumbe! Kamba yangu ameifanya ya nepi. Ananionyesha kwamba mimi ni wa nepi. Haikunijia kwamba Mama Nafula hakuwa na mtoto wa nepi. Nafula alikuwa mtoto wake wa mwisho! Nilijua hilo kama ninavyojua jina langu, lakini hasira haina kumbukumbu.

Mlango wake ulikuwa hatua kumi. Nilikuwa na nafasi ya kugonga. Ningegonga hata kwa matusi! Hata ningemtukana, angetoka, angesema "Kamba gani?", na yote yangeishia hapo.

Nilienda zangu Gikomba.

Yeye Mama Nafula hakuambiwa "Shika watoto", wala hakujibu. Kwa hiyo kwa sheria, zamu ilikuwa haijahama. Alifikiri Shosho bado amenuna, Shosho amebaki na kamba, Shosho atawavusha mwenyewe. Akafua nguo zake. Alikuwa amefuata sheria yangu kuliko mimi.

Watoto walikusanyika mferejini kama kawaida. Wakangoja. Wakasikia kengele ya shule. Otieno akawaambia, "Twendeni tu, tutachapwa." Na mnajua walifanya nini, watoto wale? Walijipanga vilevile kama kamba iko. Kila mmoja akashika sweta ya mwenzake mahali pa fundo lake. Muthoni hakuwepo, kwa hiyo nyuma ya Wangari aliingia Wafula.

Wanne wa mbele wakavuka. Mkokoteni wa mbao ukashuka.

Mimi ndio kwanza nilikuwa nimekata nyuzi za robota, nguo zinamwagika, wateja wameinama. Mama Mutua akaja mbio, kiatu kimoja. "Shosho! Shosho, Wangari amekanyagwa na mkokoteni!"

Sikuuliza kama mtoto yuko hai. Woi, Mungu wangu! Neno la kwanza lililotoka kinywani mwangu lilikuwa, "Ilikuwa zamu ya nani?"

Nami nilijua.

Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti. Alikuwa na miaka saba. Alikuwa na viatu vipya vya shule, mama yake alinunua kwangu, na kile cha kulia kilirudi nyumbani kwenye karatasi.

Kikao kilifanyika darasa la kwanza. Kina mama tumekaa kwenye vile viti vidogo vya watoto, magoti yanagusa kidevu. Mama Wangari hakuweza kukaa, alikuwa ameegemea ubao. Mwalimu mkuu akauliza kamba ilikuwa kwa nani. Mama Pendo akasema yeye aliokota kamba karibu na mlango wa Mama Nafula. Wote wakageuka.

Mama Nafula alisimama. Hakuwa na wasiwasi, nawaapia. Alinitazama kama mtu anayemtazama mama yake. "Shosho yuko hapa," alisema. "Shosho, waambie. Ulinitia kamba mkononi? Ulisema shika watoto?"

Nikaona wote wananitazama. Nikaona vile watakavyonitazama baadaye. Nikaona benchi la jikoni na kona yangu.

Nikasema, "Nilisema. Na ukajibu."

Mama Nafula akavua ile filimbi shingoni, akaiweka juu ya meza ya mwalimu, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akaniuliza, sauti ya chini sana, "Shosho... kwa sababu ya meno?"

Wengine hawakuelewa. Walifikiri amechanganyikiwa. Mimi nilielewa.

Mama Wangari akaenda akamtemea mate kifuani. Rafiki yake, wa kushinda pamoja! Mama Nafula hakujipangusa. Alitoka na yale mate.

Baada ya hapo hakuna aliyemsalimia. Mferejini akija, foleni inanyamaza. Nafula hakuna mtoto aliyetaka kukaa naye dawati moja. Nilisikia watu wakisema, "Hao watu wa kule ndivyo walivyo, kazi ni kuongea tu." Ilikuwa miaka ya siasa mbaya, maneno kama hayo yalikuwa yanaokotwa chini kama maganda. Watu wa kwetu waliyasema mbele yangu wakidhani wananiunga mkono. Nilichambua mchele wangu.

Kabla ya mwaka kwisha walihama, wakaenda mtaa wa Mowlem. Walipakia vitu asubuhi, mchana kweupe, na hakuna hata mama mmoja aliyetoka kumshikia ndoo. Mimi nilichungulia kwa pazia.

Na ile kamba? Mnafikiri iliendelea? Wiki iliyofuata nilimpelekea Mama Otieno nikamwambia, "Shika watoto." Akasema, "Shosho, mimi siwezi kusema lile neno." Mama Mutua vilevile. Kila mmoja aliogopa kujibu "nimewashika" asije akawa Mama Nafula wa pili. Kamba ikanirudia. Watoto wakarudi kuvuka peke yao, wanakimbia, na sisi kina mama tunatazama mbali. Uongo wangu haukumla Rodah peke yake. Uliila kamba yenyewe.

Mwalimu mkuu alitaka kunipa mimi filimbi. Nilikataa. Watu wakasema, oneni unyenyekevu wa Shosho!

Nilimtafuta. Lazima niseme hilo, ingawa halinisaidii. Ilipita miaka mingi, Muthoni ameshaolewa, ndipo nikaenda Mowlem kuuliza mlango kwa mlango. Nilimkuta Nafula, mtu mzima, ana kibanda cha kusuka nywele. Hakunijua. Nikamwambia mimi ni jirani wa zamani tu, nimekuja kumsalimu mama.

"Mama alishatuacha, Shosho. Keti upumzike."

Akanipa chai. Nilipopokea kikombe kimya, akatabasamu. Akaniambia mama yake alikuwa na tabia moja ya ajabu. Ukimpa kitu chochote, hata chumvi, hata kijiko, alikuwa anasema kwa sauti ya juu, "Nimepokea!" Na akikupa wewe hakiachii mpaka useme umepokea. "Tulikuwa tunamcheka," Nafula alisema. "Hata hospitalini nesi akimpa dawa, 'Nimepokea!' Wodi nzima inacheka. Sijui alitoa wapi."

Nilikunywa ile chai yote. Nikashukuru kwa chai, nikachukua mwavuli wangu, nikaondoka. Hata hapo! Hata kwa mtoto wake, na mama ameshakuwa udongo, niliogopa aibu.

Wangari yuko. Anashona nguo sokoni, ana cherehani ya kuzungusha kwa mkono, maana ile ya kukanyaga inamsumbua. Sketi zangu zote anazishona yeye na hataki kitu. Ananiita Shosho wa Kamba. Anawaambia wateja, "Huyu mnayemwona ndiye aliyekuwa akituvusha tukiwa watoto. Kama zamu ingekuwa yake siku ile, mimi ningekuwa na miguu miwili."

Yeye husema hivyo, na mimi hukaa pale kwenye kigoda chake.

Mama yake alikufa bila kulitaja tena jina la Rodah. Baada ya mazishi Wangari alinishika mkono. "Shosho, nimechoka kubeba chuki ya mama. Nimemsamehe Mama Nafula. Niombee Mungu naye amsamehe kwa alichonifanyia."

Nikasema, "Amina."

Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko hata ule uongo wa kwanza. Ule wa kwanza nilisema kwa hofu. Hii Amina niliisema kwa mazoea.

Mtaniambia niende nimwambie leo. Nimekwenda. Nimekaa kwenye kile kigoda mara nyingi na maneno yamepangwa vizuri. Ananitazama, anatabasamu, ananiuliza kama magoti yameamka salama, na mimi natoa sketi ya kupunguzwa. Sina nguvu hiyo. Nilidhani uzee utanipa ujasiri. Uzee umenipa magoti tu.

Wangari hufungia nguo za wateja kwa magazeti ya zamani, na huyasoma kabla ya kuyakunja. Labda siku moja atakuta barua hii. Siombi anisamehe, asinisamehe. Aondoe tu jina la Rodah mahali nilipoliweka mimi.

Nyinyi kina mama mnaosaidia shuleni kwa watoto wenu, mnaopika, mnaovusha, mnaoshona nguo za sikukuu: mtakosana. Hiyo haina dawa. Mmoja atapewa filimbi, mwingine atachekwa meno. Nuneni mkitaka. Tukaneni. Lakini mtoto akiwa katikati yenu, msikabidhiane kwa hasira za kimya. Usitundike mlangoni ukaenda.

Bisha hodi. Ngoja mpaka ujibiwe. Ukiona nepi kwenye kamba, bisha hodi.

Mimi sikubisha, na sasa hakuna wa kunifungulia.